Studio Isiyo na Picha

Ukitaka kumharibia Kahonzi Charo siku yake, mtajie mpiga picha. Alikuwa mwanamke wa Kigiriama wa makamo, mfuaji nguo katika hoteli moja ya watalii mjini Malindi, na alikuwa mpole kwa watu wote isipokuwa hao wenye kamera shingoni. Harusi ya mdogo wake ilipigwa picha kutwa nzima na kijana mmoja wa miwani ya jua, taa ikimulika, watu wakipangwa na kupangwa tena, na baadaye ikajulikana kwamba kamera haikuwa na filamu. Kijana alikuwa akibofya tupu. Kahonzi alikuwa amesukwa nywele maalumu kwa ajili ya picha zile, na miaka ilipita hasira zisipoe.

Mwaka wa 1984 shida ikamrudisha kwa watu hao hao. Mamake, bi Kadii, aliletwa mjini kutoka Marafa na kifua kilichokataa dawa, na kila aliyemwona aliona kuwa safari yake imekaribia. Baba yao alipokufa alichongewa kigango, nguzo ya mti ya kumkumbuka marehemu, kwani alikuwa mzee wa gohu, chama cha wazee wenye heshima, na kigango hicho kimesimama nyumbani mpaka leo, mtu akitaka huenda akakitazama. Mwanamke hachongewi kigango. Bi Kadii hakuwahi kuchukua hata kipande cha kitambulisho, wala hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Akienda ataenda na uso wake, wajukuu wabaki kuambiwa tu kwamba alikuwa hivi na hivi. Kahonzi aliapa kuwa hilo halitatokea.

Alianza na studio kubwa ya barabara kuu. Mlangoni kulikuwa na sanduku la kioo lililojaa maharusi na watoto wachanga waliolazwa kwenye mito, na juu yake bango lililojisifu kuwa hapo ndipo kwa bingwa wa pwani nzima. Kahonzi alitazama, akatazama tena. Bibi harusi wa katikati alimjua. Alikuwa mwanamke wa kalenda ya mwaka juzi, iliyotundikwa kwenye chumba cha kupigia pasi kazini kwake! Wamemkata na mkasi, wakambandika, wakamfanya mteja wao. Aliondoka pale akisonya njia nzima.

Ikabaki studio moja, kwenye kichochoro nyuma ya soko. Kibao chake kilikuwa ubao mweupe wenye maneno mawili: "Katana. Picha." Basi. Hakuna sifa, hakuna sanduku la kioo, hakuna hata picha ya kuku. Kahonzi alikwenda na Wanjira, mwenzake wa kazi aliyetoka bara, mtu aliyejiona mjuzi wa kuwatambua walaghai.

"Hapa usiingie," Wanjira alisema. "Mtu wa kazi anaonyesha kazi yake. Huyu anaficha nini?"

"Na yule wa kalenda alionyesha nini?"

"Angalau yule alijisumbua kutudanganya!"

Waliingia. Katana alikuwa mwanamume mwembamba, mikono imebabuka kwa dawa za kusafishia filamu. Kahonzi hakuzunguka. "Mbona huna picha hata moja ya kutuonyesha?"

"Ninazo, dada. Lakini ni za wenyewe. Sikuwaomba ruhusa niwaanike mlangoni."

"Basi fungua hiyo kamera nione kama ina filamu."

"Imo. Lakini nikifungua, mwanga utaiunguza."

Kahonzi alitaka kulia kwa kukereka. Majibu yote mawili yalikuwa ya mtu mkweli, na yote mawili ndiyo ambayo mwizi hodari naye angeyatoa. Utampimaje mtu aliyejitangaza kwa maneno mawili? Mwenye maneno mengi utamkamata katika mojawapo. Huyu hakuacha pa kumshika. Mwishowe alimkubali kwa sababu moja tu, nayo haikuwa imani. Mama hakuwa na wakati wa kungoja mwingine.

Kesho yake bi Kadii aliingia studio na hando yake nyeupe, ile sketi ya marinda ya Kigiriama, na leso mpya kichwani. "Tokani nje, mwanitia haya," aliwaambia Kahonzi na Wanjira. Wakangoja kichochoroni mlango ukiwa umefungwa, hawaoni kitu, mpaka mama akatoka akicheka peke yake.

Katana alisema wasubiri filamu iishe kwa picha za wateja wengine, ndipo aisafishe. Kahonzi alipita mara ya kwanza, bado. Alipita tena, bado. Bi Kadii akarudishwa Marafa, akafa huko, akazikwa. Kahonzi alirudi kazini macho yamevimba, akaenda moja kwa moja kichochoroni, Wanjira nyuma yake.

Katana aliwaona akasimama. Alishika ukanda wa filamu, mweupe kama maji kutoka mwanzo hadi mwisho, bila picha hata moja.

"Haikushika kwenye meno ya kamera," alisema. "Nilikuwa nikizungusha, hesabu yapanda, kumbe yenyewe imekaa pale pale. Nilishtuka hesabu ilipopita mwisho na filamu bado yakubali kuzungushwa. Si mamako tu, dada. Ni watu wote. Ni kosa langu."

"Si nilikuambia?" Wanjira alipiga makofi.

Damu ilimchemka Kahonzi. "Kamera isiyo na filamu, na kamera yenye filamu isiyosogea! Mimi nitajuaje tofauti?"

"Huwezi kujua," Katana alisema.

Hilo ndilo lililomtia wazimu. Hata kujitetea hakujitetea. "Ungesema basi mwanga uliingia! Ungesema mama alitikisika!"

"Hakutikisika."

"Wewe wajuaje?"

"Nilimtazama."

"Haya, alikuwaje?" Kahonzi aliuliza kwa ukali, akitaka kumnasa.

Katana alifikiri kidogo. "Alivua leso ya kichwa, akaikunja, akaikalia. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado, akanikaripia. Nilipomwomba atulie, alificha kidole gumba ndani ya ngumi, hivi, akatazama ule mlango mliotokea. Hapo ndipo nilipobofya."

Hakuna aliyemwambia mtu huyu habari za kidole kile. Mama alikifumbata hivyo kila alipokuwa na mtoto mgonjwa mgongoni, na kila alipoagana na mtu. Na leso aliikalia siku zote, kwa kuogopa kuisahau. Kijana wa miwani ya jua hangeweza kumwambia hata rangi ya nguo za bibi harusi.

Wanjira alimvuta mkono. "Twende, tupotezee nini wakati hapa?"

Kahonzi aliuondoa mkono ule. Alivuta kigoda, kile kile alichokalia mamake au kingine, hakujua, akaketi. Hakuwa amemsamehe Katana, na hakudhani atamsamehe.

"Rudia," alimwambia. "Tangu alipoingia. Na usiruke kitu."