Nusu ya Sauti Yangu

Sina pa kuuficha uso, maana kuanzia Kasulu hadi Kibondo wapo wanaoniita Dokta Majivu, nami si dokta, ni mwalimu wa Jiografia kutoka Muheza niliyepangiwa shule ya Nyakitonto, huku Kasulu, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia, na maneno yakawa mengi kuliko wagonjwa. Mkuu wa shule akaniomba nirekodi sauti ya kuwaelimisha wazazi kwenye grupu lao la simu, eti nina sauti ya mtangazaji (nikavimba kichwa, kwa nini niwadanganye). Nikarekodi moja ndefu, mtandao ukaikataa, nikaamua kuikata vipande viwili. Cha kwanza kilisema: "Ndugu wazazi, habari iliyoenea ni kwamba ukinywa maji ya majivu kila asubuhi, kipindupindu hakikugusi." Hapo nikanyamaza, kwa madoido. Cha pili ndicho kilichosema huo ni uongo, chemsheni maji, na anayeharisha awahishwe zahanati.

Cha kwanza kikaenda. Nikatia simu mfukoni nikaingia darasani na raha zangu.

Jioni rafiki yangu aliyeko Kibondo akanipigia, anacheka hadi anakohoa. "Dokta, hongera. Mama mkwe wangu anakoroga majivu." Kumbe huko sauti imefika na maandishi juu yake, Ujumbe wa Dokta. Nikatazama simu, kile cha pili bado kinazunguka tu, hakijatoka.

Nikakimbia hadi nilikopanga, kwa mama Eva, mkulima wa maharage, nikamkuta anamnywesha binti yake kikombe cha maji ya kijivu, na Eva alikuwa anaharisha tangu mchana, macho yameshaingia ndani.

"Mama Eva, acha. Hayo majivu ni uongo, tumpeleke zahanati."

"Oya, mwalimu," akakataa kwa Kiha chao, kwa upole. "Nimekusikia mwenyewe kwenye simu."

"Ni mimi, lakini nilikuwa sijamaliza."

"Hayo ya sasa kama ni kweli, mbona kwenye grupu hayapo?"

Nikamfungulia kile cha pili kwenye simu yangu, akasikiliza chote, akatikisa kichwa, akasema hicho hakijatumwa. Majirani nao wakawa wamefika na vikombe vyao kumwona dokta, mmoja akanong'ona kwamba mwalimu anataka kuwanyima dawa. Niliogopa, nawaambieni kweli, mtoto anaishiwa maji na mimi nabishana na sauti yangu.

Basi nikapanda kichuguu cha nyuma ya choo, ambako mtandao hushika, mtu mzima na tai yangu, nikanyoosha simu juu huku wote wananitazama. Kikaenda. Simu ya mama Eva ikalia ndani ya kitenge. Akaitoa, akasikiliza maneno yale yale niliyomwambia uso kwa uso, akamwaga kikombe, akambeba Eva mgongoni, tukatoka mbio.

Eva alitundikiwa dripu, akapona. Nami sirekodi tena uongo wa watu kabla ya kuutaja kuwa uongo, tena kwa pumzi moja, madoido nimeyaacha.

Juzi nilimwambia mama Eva mvua inakuja, aanue maharage yake. Akanishukuru vizuri tu, kisha akatoa simu atazame kama ni kweli.