Pumzi ya Tatu Sebuleni

Mimi ni mtu wa vipimo. Kabla ya kuanza mafunzo ya tiba ya yoga nilikuwa nimefanya kazi ya kunyoosha viungo vya wagonjwa kwa miaka mingi hapa Songea, na watu wakianza habari za mizimu nilikuwa natafuta mkoba wangu niondoke. Majirani zangu wa Mjimwema waliposikia nasomea yoga, mmoja aliniuliza kama paroko anajua. Nikamwambia paroko mwenyewe analalamika mgongo, namsubiri aje. Sikuwa na subira na maswali ya namna hiyo, na hata sasa sina.

Mafunzo mengi yalikuwa kwa simu. Mwalimu wetu, mama mmoja wa Arusha mwenye sauti ya taratibu, alitaka kila mwanafunzi achukue mgonjwa mmoja, amfundishe kupumua na kupumzika kwa majuma kadhaa, arekodi sauti ya kila kipindi kwa ridhaa ya mgonjwa, kisha amtumie asikilize. Mimi nilimchukua shangazi yangu.

Shangazi ndiye aliyenilea. Mumewe alikuwa amefariki miezi mitano nyuma, na tangu msiba hakurudi kitandani. Waombolezaji waliondoka, arobaini ikapita, yeye akabaki kulala sebuleni kwenye mkeka ule ule wa msiba. Nasema kulala, lakini alikuwa halali. Presha ilipanda, tonge la ugali analimega na kulirudisha, magauni yanamning'inia. Daktari alinivuta kando akaniambia asipopata usingizi tutamzika naye kabla ya mavuno. Niliogopa sana. Cheti nilikitaka, sikatai, ila shangazi nilimtaka zaidi.

Nilikuwa nakwenda kwake saa tisa alasiri.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na mambo yako?"

"Nimekuja nayo."

Analala chali, anafumba macho, mimi nahesabu. Mkeka ulikuwa mpana, lakini yeye alijibana pembeni, ukutani kabisa. Siku ya kwanza nilitaka kukaa kwenye ile nafasi iliyobaki, akanishika khanga.

"Hapo usikae, mama. Kaa kwenye kigoda."

Nikakaa kwenye kigoda. Nilidhani ni mambo ya uzee.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Mgonjwa anavuta hewa kwa hesabu ya nne, anaitoa kwa nne. Akizoea, unaongeza kutoa: tano, sita, mpaka nane. Pumzi ndefu ya kutoa hutuliza moyo, na wengi hupitiwa na usingizi hapo hapo. Shangazi alifika sita akagoma. Kila nikitamka saba, yeye ameshavuta hewa upya.

"Sita inanitosha," alisema.

Juma la pili ndipo nilipoanza kusikia. Shangazi alitoa pumzi yake, na nyuma yake kidogo ikafuata nyingine, nzito, iliyomalizika kwa mluzi mwembamba. Nikafumbua macho. Shangazi alikuwa ametulia, midomo imefungwa. Nikachungulia chini ya makochi, labda paka. Nikatoka nje nikazunguka nyumba. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, hakuna mtu. Nikajiambia ni upepo kwenye bati, ingawa jani halikuwa likitikisika.

Huo mluzi niliufahamu. Nilisoma sekondari nikiishi katika nyumba ile, na kila asubuhi niliusikia ukipenya ukutani kutoka chumbani kwao. Mume wa shangazi alikuwa na kifua kibovu tangu ujana wake. Niliufahamu, nikakataa kuufahamu, nikaendelea kuhesabu.

Kisha mwalimu akapiga simu. Alisifu sauti yangu, akasema nisiharakishe hesabu. Halafu akauliza, "Mbona hukuniambia una wagonjwa wawili?"

"Ni mmoja tu, mwalimu."

"Huyo mwanamume je? Mwenye mluzi. Mpeleke akapimwe kifua, yule si mzima."

Nilishukuru, nikakata simu, nikafungua ile sauti. Nilimsikia shangazi, nikajisikia mimi, na katikati yetu nikamsikia yeye, karibu na simu kuliko sisi sote. Simu nilikuwa nimeiweka kwenye mkeka, kwenye ile nafasi.

Kesho yake nilimkuta shangazi anachambua maharage kwenye ungo. Sikuzungusha maneno.

"Shangazi, unamsikia?"

Hakushtuka. Alitoa jiwe moja akalitupa.

"Tangu siku ya matanga. Wewe ndiye umechelewa."

"Anafanya nini?"

"Anapumua. Afanye nini tena?"

"Ndiyo maana hulali?"

"Nikilala nitajuaje kama bado yupo? Alipokuwa anaumwa nilikuwa naamka kumsikiliza. Nimezoea."

"Na hiyo sita?"

"Kifua chake hakivuki sita, mwanangu. Nikizidi, namwacha nyuma."

Nilimweleza mwalimu nusu tu ya mambo, kwamba mgonjwa anaogopa kuvuka sita. Akaniambia nisimsukume, alichokishika atakiachia mwenyewe. Ulikuwa ushauri mzuri na sikuufuata. Mkono wa shangazi ulikuwa umekwisha, nikiupima mapigo naona kama nimeshika kijiti, na mahindi yalikuwa yameanza kukauka mashambani. Mtu aliyekufa alikuwa anammaliza mtu aliye hai, na mimi nilikuwa na hasira naye.

Kwa hiyo nilimdanganya shangazi.

"Nane mara moja tu, kisha tunarudi kwenye sita yetu."

Alifumbua macho akanitazama. "Mara moja?"

"Mara moja."

Nafikiri alijua. Labda alikuwa amechoka kuliko nilivyodhani.

Akavuta hewa, akaanza kutoa. Nikahesabu pole pole. Kwenye sita mluzi ulikuja, nyuma kidogo kama kawaida. Nikasema saba. Mluzi haukukatika, ulijikaza, ukawa mwembamba zaidi, ukimfuata. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nikasema nane.

Baada ya hapo sebuleni zilibaki pumzi mbili. Shangazi alikuwa amelala, mdomo wazi, mkono umeangukia kwenye ile nafasi. Nilipima mapigo yake, nikayakuta yametulia vizuri kabisa. Nilijisikia fahari na hofu pamoja.

Alilala mpaka asubuhi, nami sikutoka pale. Alipoamka jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Alipapasa mkeka kwa kiganja, akategea sikio, akapapasa tena. Aliinuka, akaukunja mkeka mwenyewe, akaupeleka uani akauegemeza kwenye uzio. Akaomba uji, nikampa, akamaliza kikombe kizima, mara ya kwanza tangu msiba.

Kisha akaketi barazani, akakiweka kikombe chini, akapiga kilio. Siku ya mazishi shangazi hakulia; watu walimsifu kwa imani yake. Sasa kilitoka chote, kwa sauti ambayo sikujua anayo, mikono kichwani, akimwita mumewe.

Hapa kwetu kilio cha namna ile hakina maana mbili. Wanawake walitoka kila nyumba, wanafunga khanga kiunoni huku wanakimbia. Wa kwanza kufika alinishika bega.

"Nani amefariki?"

"Mume wa shangazi."

"We! Si tulimzika mwaka jana?"

"Amefariki jana," nikasema. "Nilikuwepo."