Mwendo wa Haraka Bila Kikapu

Nilinasa kwenye mkeka mchana kweupe, mbele ya wanawake wa mtaa mzima. Ilikuwa khitima ya marehemu jirani yetu hapa Malindi. Tulikuwa tumekaa chini, tumelizunguka sinia la pilau, na wallahi siku hiyo nilikula kwa adabu. Wenzangu wakanawa, wakainuka. Mimi nikanawa, nikaweka mkono chini, nikajisukuma, goti likakataa. Nikajisukuma tena, goti likalia ko! na mimi niko pale pale. Mmoja akanivuta mkono wa kulia, mwengine wa kushoto, na wa tatu, Mungu amlipe, akapita nyuma akanisukuma kama watu wanavyosukuma gari lililokataa kuwaka. Nilipoinuka tulicheka sote mpaka mitandio ikatuanguka mabegani. Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Nilipofika nyumbani nikajifungia chooni nikalia.

Mwili huu sikuuiba. Kila mtoto niliyemzaa aliniachia kitu kidogo kiunoni, na kitinda mimba, ambaye sasa ana miaka sita, aliniachia kikubwa. Nilikwenda hospitali nikitaraji dawa ya kuchua. Daktari, kijana mdogo tu, akanibonyeza magoti akasema, "Hayana ugonjwa, mama. Yamechoka kubeba. Tembea kila siku, tena kwa haraka, mpaka utoke jasho." Ati dawa ndiyo hiyo! Nikatoka nimenuna. Njiani nikanunua viazi karai, maana mimi nikikasirika huona njaa.

Ningekaa na kununa kwangu hivyo hivyo, lakini siku moja adhuhuri nikamwona kitinda mimba wangu anasali. Ndiyo kwanza ameanza kufundishwa sala chuoni, kwa mwalimu wa Qur'ani. Amejitanda leso yangu, inaburura, kasimama kwenye msala, kanyanyua mikono vizuri kabisa, nami moyo wangu mweupe. Mara akavuta kigoda cha jikoni, akakaa, akainamisha kichwa kidogo. Akamaliza sala yote vile. Kichwa hakikugusa chini hata mara moja.

"Mwanangu," nikamuuliza, "mbona hukusujudu? Mwalimu hajawafunza?"

"Katufunza. Ile ni ya chuoni. Ya nyumbani, ya wanawake, ni ya kitini."

"Nani kakwambia?"

"Nakuona wewe."

Ni kweli, tangu nimzae yeye nilikuwa nikisali kwenye kiti cha plastiki, na yeye hajapata kuniona vingine. Iliniuma, jamani. Iliniuma kuliko ule mkeka. Tangu saa ile nilijua nataka nini, wala si kiuno cha usichana. Mume wangu hajawahi kulalamika, na angelalamika ningemjibu. Nilitaka kuliweka paji langu la uso chini, mwanangu aone, kisha niinuke mwenyewe bila ya kuvutwa na mtu. Basi.

Kesho yake baada ya sala ya alfajiri nikachukua raba za binti yangu mkubwa, nikavaa buibui, nikatoka mikono mitupu. Hapo ndipo nilipokosea. Hapa kwetu mwanamke wa makamo hatembei tu. Akienda sokoni ana kikapu, akienda kumtazama mgonjwa ana chakula mkononi, akienda arusini utamjua kwa udi kabla hajatokeza. Mwanamke aliyevaa buibui, hana kitu mkononi, tena anakwenda mbio mbio na jua halijatoka, huyo ana msiba.

Na salamu je? Huku mlango wa mtu haupitwi. Utasimama, utaulizwa watoto, utaulizwa baba watoto, utaulizwa mamako kule Mnarani anaendeleaje na miguu yake, na wewe uulize ya kwako. Lakini daktari kasema haraka! Kwa hiyo nikawa natupa "Sabalkheri!" huku na huku nikipita. Pale nyumba ya kona hukaa bibi mmoja mtu mzima, ambaye kwa umri ni mama yetu sote mtaani. "Shikamoo, bibi!" nikamwambia. "Marahaba, mwanangu. Kwema?" Pumzi za kujibu sina. Nikapunga mkono tu, uso wote unachuruzika jasho, nikakata kona.

Kumbe yeye kaona machozi.

Niliporudi nilikuta viatu vimejaa mlangoni kwangu. Viti vya sebuleni vimetolewa nje, mikeka imetandikwa, wanawake wamejitanda leso wamekaa chini wanainamia magoti yao. Jikoni kwangu kuna mtu anachemsha kahawa. Mume wangu akatoka na kikoi, kofia kaivaa upande, akanishika mikono yote miwili.

"Pole, mke wangu. Mama alikuwa mtu mwema sana. Mbona hukuniamsha?"

"Mama nani?"

"Mamako."

Nilijua ya kwamba nilikwenda kutembea tu, lakini watu wote wale, na mikeka, na kahawa! Nikafikiri simu imepigwa kutoka Mnarani mimi niko njiani. Nikapiga ukelele. Wao kuniona napiga ukelele wakapiga wao. Mimi nalia kwa sababu ya wao na wao wanalia kwa sababu yangu, nyumba nzima inarindima.

Binti yangu mkubwa ndiye aliyekuwa na akili asubuhi ile. Alipiga simu Mnarani, akaiweka sauti juu. Ikalia, ikalia, kisha mama yangu akapokea kwa ile sauti yake ya kugombana.

"Bibi, uko hai?" binti akauliza.

"Nimekufa lini, na hata chai sijanywa?"

Mama akataka aelezwe, akaelezwa. "Sasa huyo mamako," akasema, na wote wanamsikia, "alikuwa anakimbilia nini alfajiri yote hiyo?"

"Anafanya mazoezi, bibi."

"Mazoezi ya nini?"

Bibi wa kona ndiye aliyeanza kucheka, akashika mbavu, na wengine wakamfuata. Kahawa ilikuwa imekwisha chemka, haiwezi kumwagwa, basi wakatumana mahamri, tukakaa kwenye mikeka ya matanga yasiyo na maiti tukanywa. Nilikula manne. Kulia kunachosha.

Mume wangu ndiye aliyenishauri nibebe kikapu. "Watu wakikiona kikapu watatulia," alisema, na kweli walitulia. Lakini lo! Sikujua kwamba kikapu kitupu ni balaa lake peke yake. "Waenda sokoni, shoga? Niletee nazi mbili." "Ukipita mtaa wa Kisumu Ndogo kuna mama anauza mchicha, nichukulie." Nilikuwa nikirudi nimebeba haja za mtaa mzima, na kila mlango ninaoufikisha kitu siwachiliwi niende. Karibu chai. Wallahi hutoki bila kuonja. Mbaazi za nazi, vitumbua vya moto, mkate wa sinia uliolala tangu jana. Ukikataa utaulizwa una kinyongo gani. Basi nikawa kila asubuhi natoka na njaa kidogo na kurudi nimeshiba kama mwenye kufuturu.

Wiki zikapita hivyo, buibui likaanza kunibana kwapani. Nilipanda mizani ya duka la dawa, nikashuka kabla haijamaliza kusema. Nilikuwa na hasira na daktari, na kikapu, na viazi karai, na Malindi yote.

Hasira hizo zilimwangukia asiyestahili. Asubuhi moja bibi wa kona alinisimamisha mlangoni pake, sahani mkononi, mahamri yanatoa moshi. "Kula, mwanangu. Wachoka."

"Sitaki!"

Hata mimi nilijishtukia. Nimpigie ukelele mtu mzima yule? Lakini mdomo ulikuwa umekwisha funguka. "Sitaki mahamri, sitaki chai, nataka kusujudu! Mwanangu anafikiri wanawake husali kitini! Nimenenepa na nyinyi mnaninenepesha, sitaki!" Nikalia pale barabarani na kikapu changu, nazi za watu ndani.

Bibi alinitazama. Sikuona uso wa kuchukia. Akarudi ndani, akaiweka sahani, akaifunika kwa kawa, akatoka mikono mitupu.

"Mbona hukusema?" akaniambia taratibu. "Mimi nikidhani wataka kupendeza, nikasema huyu ni mzuri tayari, nimlishe. Mimi sijalaza kichwa changu chini tangu mume wangu yuko hai, mwanangu. Wajua nilivyo na hamu nako?" Akafuta macho kwa ncha ya leso, kisha akanikaripia. "Sasa wasimama nini? Nenda! Tupa kikapu hicho hapo, nenda!"

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unajua. Tangu siku hiyo sikupewa chai na mtu. Nikipita barazani watu hawaniulizi watoto wala mama, wananiambia "Kaza mwendo!" Nikipunguza, "Leo wajikokota, kuna nini?" Muuza mahamri wa pembeni, niliyekuwa mteja wake tangu niolewe, alikataa kuniuzia. "Kalete ruhusa ya bibi," akasema, na hakuwa anatania. Arusini nilinyoosha mkono kwenye sinia kuchukua nyama ya pili, mwanamke tuliyeketi bega kwa bega akaniondosha mkono mbele za watu. "Magoti, shoga." Nusura nimtie pilau ya uso! Mtu mzima mimi, nina mume na watoto, nahesabiwa matonge. Niliwachukia wote, nasema kweli. Niliwachukia kwa moyo safi, na nikitembea kwa hasira mwendo unakuwa mzuri zaidi.

Mvua za masika zilipoanza nikalala. Nilijipa ruhusa siku moja, ikawa siku mbili, ikawa wiki. Simu ikalia, bibi wa kona.

"U mgonjwa au u mvivu?"

"Naumwa, bibi."

"Naam. Na hiyo harufu ya viazi iliyofika huku kwangu ndiyo dawa?"

Nikavaa raba. Nilitembea kwenye matope mwavuli mkononi, natukana kimoyomoyo.

Sitasema nilikonda. Nikisema hivyo mtaa wote utanicheka, na mimi ndiye nitakayeanza. Lakini buibui liliacha kunibana. Nikapanda ngazi za hospitali nikafika juu nikaweza kuzungumza papo hapo. Kuna siku kijiko kiliniponyoka jikoni, nikainama nikakiokota, nikaendelea kupika, na mchuzi ulikuwa karibu kuiva ndipo nilipotanabahi nilichofanya.

Sikumwambia mtu. Jioni moja, sala ya magharibi, nilitandika msala chumbani peke yangu. Nikaleta takbiri, nikasoma, nikarukuu. Kisha nikateremka. Mkono mmoja, goti moja, goti la pili, taratibu, nasikia kila kiungo kikiuliza tunakwenda wapi. Paji la uso likagusa.

Sikujua kama nilikuwa na hamu kiasi kile. Msala ulinuka sabuni na vumbi kidogo. Nikasema maneno ya sijida, nikayasema tena, machozi yananipita puani yanaingia kwenye msala, na sikutaka kuinuka. Nilikaa pale chini muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Mlango ukafunguliwa. Miguu midogo.

"Mama?"

Siwezi kujibu, niko kwenye sala.

"Mama, umeanguka?"

Siwezi kujibu.

"Baba! Babaaa! Mama kakwama!"

Mume wangu ndiyo kwanza arudi kutoka msikitini. Nikasikia ndara zinakuja mbio, nikasikia binti mkubwa akiuliza nini, jirani akiuliza dirishani kwake kuna nini, na mwanangu anampigia kelele, "Mama kakwama chini!" Mara mikono ya mume wangu iko makwapani mwangu, anajitayarisha kuninyanyua.

"Allaaahu akbar!" nikaitoa kwa sauti, mpaka jirani akasikia.

Mikono ikaniachia. Nikakaa. Nikarudi chini mara ya pili, na mara hii nilijua natazamwa. Ikabaki kazi ile kubwa, ya kusimama. Nikaweka kiganja chini. Goti likalalamika, nikaliacha lilalamike. Nikasimama. Hakunishika mtu.

Nikamaliza rakaa zangu zote. Nilipotoa salamu kuliani nikamwona mume wangu mlangoni na ndara moja, kofia kaivua, macho mekundu. Kushotoni wanangu wameshikana mikono. Mdogo ananitazama paji la uso, ambalo nadhani lilikuwa na vumbi.

"Basi," akasema mume wangu. "Basi, pumzika sasa."

"Nipisheni," nikawaambia. "Bado nina rakaa mbili za sunna."