Mama Alisema Akubali Yote

Kaka yangu alikamatwa Ujerumani kwa kesi ya Ubelgiji, na kwa siku kadhaa hakuna mtu nyumbani kwetu aliyekubali kwamba jambo hilo linawezekana.

"Hizo si nchi mbili?" Mama aliniuliza.

"Ni mbili."

"Sasa askari wa Ujerumani anamtakia nini? Amemwibia yeye?"

Niliishia darasa la saba, nasaga mahindi kwenye mashine ya watu hapa mjini, mtaa wa Makanyagio, na habari za Ulaya nazijua kwa kadiri kaka alivyonisimulia. Lakini simu yenye WhatsApp ilikuwa yangu, kwa hiyo maswali yote yaliletwa kwangu, na mimi nilikaa nayo kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani.

Kaka alikwenda Ubelgiji kwa ndoa. Mke alikuwa wa asili yetu, wazazi wake Warundi kama babu zetu, ila yeye alizaliwa huko. Ndoa haikudumu. Kaka akabaki akifanya kazi kwenye ghala la mizigo, na siku moja mzigo ukapotea. Gari lililoubeba aliliendesha yeye. Alisema aliambiwa aendeshe, akaendesha. Polisi walimhoji mara moja wakamwachia, akafikiri imeisha. Baadaye akahamia Ujerumani kutafuta kazi nyingine. Barua za mahakama zikawa zinakwenda kwenye nyumba ya zamani, kwa watu wasiomjua. Siku askari walipokagua vitambulisho kwenye treni, jina lake lilikuwa tayari kwenye mashine yao.

Aliyetueleza haya ni mkalimani wa wakili wake kule Ujerumani, mama mmoja Mkongo wa Bukavu anayeishi huko miaka mingi. Alinipigia mchana wa Jumatano nikiwa kazini, nikatoka nje nikasimama nyuma ya magunia ya pumba.

"Mudogo yangu, sikia muzuri," alisema. "Mimi si wakili. Nasema tu ile wakili anasema. Yeye yuko hapa pembeni yangu."

Zamani, alisema, nchi moja ikimtaka mtu aliyeko nchi nyingine, serikali iliiomba serikali, mawaziri wakaandikiana, na miaka ikapita. Siku hizi nchi za Umoja wa Ulaya zimeliacha hilo kati yao. Jaji wa Ubelgiji anaandika hati ya kumkamata mtu, na jaji wa Ujerumani anaisoma na kumkabidhi. Waziri haingii.

"Huyo wa Ujerumani atamsikiliza kaka?" niliuliza. "Kwamba hakuiba?"

"Hapana. Hiyo si kazi yake. Yeye anaangalia: ni huyu kweli? Hati imejazwa sawa? Kosa ni la uzito ule sheria inataka? Huko anakoenda haki zake zitachungwa? Basi. Mambo ya kuiba atayasema Ubelgiji."

Hilo lilinikera kuliko yote. Jaji amekaa mbele yako, una mdomo, ana masikio, na anakwambia jambo lako hasa ukaliseme kwingine.

Kisha akafika kwenye sababu ya kupiga simu. Ijumaa asubuhi kaka angepelekwa mbele ya jaji, na angeulizwa mambo mawili, kila moja na karatasi yake. La kwanza ni kama anakubali kwenda. Akikubali, mambo yanakwisha kwa siku chache. Akikataa, yanaweza kuchukua miezi miwili, na pengine aende vilevile. Akishakubali harudi nyuma. La pili ni ulinzi. Mtu akipelekwa kwa kesi fulani, Wabelgiji hawaruhusiwi kumfungulia nyingine ya zamani isiyokuwa kwenye ile hati. Karatasi ya pili ni ya kuuacha ulinzi huo, na nayo haifutwi.

"Wakili anasema, ya kwanza anaweza kusaini. Ya pili aache. Hata kama hana kitu ingine, aache tu. Lakini kaka yako anasema atafanya vile mama yenu atasema. Sasa muulize mama, unitumie jibu mbele ya Ijumaa nimupelekee, simu yake walichukua."

Kaka alikuwa nacho kitu kingine. Alishaniambia mwenyewe, akicheka, kwamba aliwahi kumwazima mtu wa kwetu karatasi zake za ukaazi ili apate kazi. Kwake halikuwa kosa. Huku kwetu cheti kimoja cha shule kimetafutia kazi ndugu watatu na hakuna aliyehesabu hilo kuwa wizi. Anayemnyima ndugu yake cheti ndiye husemwa. Ubelgiji si hivyo. Nililijua hilo nikiwa bado nimeshika simu.

Mama alikuwa Sibwesa kwa mavuno, na kule shambani simu haishiki mpaka upande kichuguu nyuma ya shule. Alhamisi niliomba ruhusa kazini nikapanda bodaboda. Njia nzima nilipanga maneno: karatasi mbili, moja ndiyo, moja hapana. Nilifika nikiwa mweupe kwa vumbi.

Niliwakuta wanapura mahindi. Mama alikuwepo, na mjomba wangu, na majirani wanne au watano waliokuja kusaidia. Mjomba ni mmoja wa wazee tunaowaita bashingantahe, wanaosikiliza ugomvi wa watu wetu kabla haujafika kwa mtendaji. Nilieleza nilivyoweza. Nikieleza jambo mbele ya watu sauti yangu huwa inapungua, na siku ile mahindi yalikuwa yanapigwa fimbo.

"Sema kwa nguvu," mjomba alisema. "Au mashine yako imekula na sauti?"

Wanawake walicheka. Nikarudia. Nilipofika kwenye karatasi ya pili akanizuia kwa mkono.

"Ngoja. Mtu akiitwa na bashingantahe anakuja kwa miguu yake, ndiyo au siyo?"

"Ndiyo, mjomba."

"Akifika anakaa chini anafungua tumbo lote. Hasemi hili nakubali na hili silitaki. Anayechagua, hapo hapo sisi tunajua ni mwizi. Anayekubali yote tunamhurumia. Ndivyo au mimi nimezeeka vibaya?"

"Ndivyo. Ila kule kuna karatasi mbili, na wakili anasema..."

"Wakimpa kumi, asaini kumi. Huyo wakili anakula kwa kuchelewesha. Na wewe sheria umeisoma lini, pale kwenye pumba?"

Wakacheka tena, na mimi nikatabasamu, kitu ambacho hadi leo kinaniudhi. Mjomba hakuwa anasema uongo. Nimeona kwa macho yangu watu waliofungua tumbo mbele ya wale wazee, wakatozwa pombe ya kunywa pamoja na aliyewashtaki, na jioni wakarudi nyumbani wakiwa majirani. Lakini wazee wale wamekaa hapo wanamwona mtu anavyosema, wanajua mama yake na shamba lake. Jaji wa kule angemwona kaka kwenye karatasi.

Neno moja lingebadilisha shauri lote, lile la karatasi za ukaazi. Kulisema mbele ya majirani kungekuwa kumshtaki kaka yangu wa damu, na Mama angelisikia hapo mbele ya wanawake wenzake wa kanisani. Nilingoja nimpate peke yake. Mjomba hakuondoka kando yake.

Mama alifuta mikono kwenye kitenge. "Mwandikie akubali yote," alisema. "Asibague. Mwambie mimi mama yake ndiye nimesema, na ninamwombea."

Nilipanda kichuguu. Mjomba akanifuata ashuhudie. Naandika polepole, herufi moja moja, na niliandika ujumbe mrefu: Mama anasema ukubali, lakini ya pili fuata wakili, unajua kwa nini. Mjomba akainama.

"Hiyo 'lakini' ni ya mama yako?"

"Hapana."

"Toa."

Nikaifuta. Nilibaki na maneno ya Mama kama alivyoyasema, nikatuma. Baada ya muda mkalimani akanirudishia jibu la kaka: Sawa. Mshukuru. Nitafanya hivyo.

Alisaini zote mbili. Wiki iliyofuata alikabidhiwa kwa Wabelgiji. Kwanza ilionekana mjomba alikuwa sahihi. Kesi ya mzigo ilisikilizwa, jaji akaona alikuwa dereva tu, akampa kifungo kifupi, na siku alizokaa ndani Ujerumani zikahesabiwa humo. Alibakiza wiki tano. Mama alisimama kanisani akashukuru.

Kabla hizo wiki kuisha, wakamfungulia jalada jingine. Waligundua kwamba jina lake lilikuwa kazini mahali pawili, siku zilezile, saa zilezile. Hakutoka. Mpaka ninapoandika hajatoka.

Nilimwandikia yule mkalimani, ingawa kazi yake nasi ilikuwa imekwisha. Alinirudishia ujumbe mfupi wa sauti. "Kama hangesaini ile ya pili, wangepaswa kuomba ruhusa kwa jaji wa huku kwanza. Pengine angewapa, pengine hapana. Lakini alisaini, mudogo."

Nilisikiliza mara tatu. Niliikasirikia sheria yao inayomwuliza mtu swali la aina hiyo akiwa amefungwa, ugenini, kwa lugha ya mkalimani, halafu jibu lake lisirudi nyuma. Nilimkasirikia mjomba. Halafu zikabaki hasira juu yangu mwenyewe, na hizo hazikuwa na pa kwenda.

Jumamosi moja mjomba alikuja nyumbani kwetu, mtaa wa Nsemulwa. Mama alikuwa anamenya mihogo uani. Mjomba alikuwa amesikia, na alishapata maelezo yake.

"Hakufungua tumbo lote," alisema. "Amebakiza. Ndiyo maana hawamwachii. Aandikiwe aseme yaliyobaki."

Mama akanitazama. "Haya, andika."

Nikaketi kwenye ngazi nikaandika ujumbe wa kupitia kwa wakili wake wa Ubelgiji. Ilichukua muda mrefu, mjomba akawa anakohoa kwa kukosa subira. Nilipomaliza, Mama akasema nisome, na safari hii sikufuta kitu, nikasoma kama ilivyokuwa: Kaka, usiseme neno wala usisaini kitu kabla hujasikia wakili. Karatasi ya pili wakili alikukataza, na mimi nilijua sababu yake, kwa kuwa uliniambia habari za kumwazima yule mtu karatasi zako. Onyo hilo nililifuta kwenye ujumbe wa kwanza. Nisamehe.

Mjomba alianza kusema. Mama akainua kisu kidogo tu, si kwa ubaya, akanigeukia mimi.

"Siku ile Sibwesa ulikuwa unalijua hili?"

"Nilikuwa nalijua, Mama."

"Na ukaniacha niseme."

"Ndiyo."

Alimenya muhogo mzima hadi mwisho, akautia kwenye beseni la maji.

"Mtumie," alisema. "Maneno yangu usiyaongeze humo."