Tulivyomchagua Deo Kabla Hajapanda Ndege

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena duniani. Nimebeba takataka za watu wa huku Washington na vitongoji vyake kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimefungua vyumba vya chini ambavyo havijaona mwanga tangu wenyewe wazikwe, nimekuta jeneza jipya limejaa viatu vya kike, nimekuta piano ndani ya bafu. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na sita, na leo nina malori manne yenye jina langu ubavuni na nyumba Bowie yenye gereji ya magari mawili. Wenye digrii zao wananipigia simu niwaondolee makochi. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba mwaka jana nilishangaa mpaka nikakaa chini kwenye lami, mjue si jambo dogo.

Lakini hadithi inaanzia nyuma, kwetu sisi tuliokulia kwenye zile ghorofa za matofali mekundu Hyattsville, miaka ya elfu mbili mwanzoni. Kama unakumbuka kadi za simu za dola tano, zile za kukwangua kwa kucha halafu mama anakunyamazisha nyumba nzima ili asikie sauti ya Afrika, basi wewe ni mwenzangu. Kama unakumbuka harufu ya maandazi ikishuka ngazi Jumamosi asubuhi, ikichanganyika na harufu ya pilipili ya Wakongo wa chini na sabuni ya chumba cha kufulia, kaa hapa karibu yangu.

Enzi zetu hatukucheza mpira wa miguu peke yake. Tulicheza hoki. Naam, hoki ya huku, ile ya magongo juu ya barafu, watoto wa Morogoro na Nakuru na Bukavu, na barafu tuliyoijua ilikuwa ya kwenye friji. Shule ya jirani ilitupa magongo ya plastiki yaliyopasuka, nami nikaingia ndani ya pipa lao la taka nikayatoa kumi na moja, nikayafunga tepu, nikayagawa. Ule ndio mzigo wangu wa kwanza wa takataka, na mpaka leo ndiko ninakokula. Magoli yalikuwa toroli mbili za supamaketi, tumezilaza ubavu. Uwanja ulikuwa maegesho ya magari, kuanzia kwenye teksi ya baba hadi kwenye gari bovu la mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Baba, akiamka kutoka usingizi wa mchana, alikuwa akichungulia dirishani na kusema, "Rashidi, mkivunja kioo cha mtu, jina langu lisitajwe." Halafu anarudi kulala.

Kilichotuteka kuliko mechi zenyewe ni ile siku ya mwezi wa sita, timu kubwa za hoki zinapochagua chipukizi. Wanakaa ukumbini, wanachagua vijana kwa zamu, na timu iliyoburuza mkia ndiyo inayopewa nafasi ya mbele. Mimi niliyezoea Morogoro kwamba mwenye mpira ndiye mwenye kuchagua, sheria hiyo niliiona kama imeshuka kutoka peponi. Na timu ya jiji letu siku hizo ilikuwa inaburuza mkia hasa, kwa hiyo matumaini tulikuwa nayo tele. Baba alituletea magazeti yaliyoachwa na abiria, tukakaa kwenye ngazi tukibishana kama wazee wa baraza.

Mbishi mkubwa alikuwa Kimani, mtoto wa nesi kutoka Nakuru, nahodha wa timu ya jengo la pili. Mimi nilikuwa nahodha wa jengo la kwanza.

"Wachukue beki," alisema Kimani. "Mfungaji anauza jezi, beki ndiye analeta kombe."

"Kombe gani? Hawa hata mechi ya Jumanne hawashindi. Wachukue huyu mrefu hapa."

"Buda, wewe hata jina lake huwezi soma."

"Jina la nini? Mimi nasoma mabega."

Na kweli niliyasoma. Mara mbili timu ilimchukua kijana niliyemtaja mimi, na jengo zima likanijua kwamba jicho langu halikosei.

Basi nasi tukaanzisha uchaguzi wetu. Wachezaji wapya tulipata wapi? Uwanja wa ndege. Kila kiangazi familia fulani ilikuwa inamleta mtoto, mpwa, binamu. Tulikusanya habari zao mapema kwa mama zao na shangazi zao, tukauliza urefu, mbio, kama anaogopa mbwa. Mtoto alikuwa anachaguliwa akiwa bado hajapata hata pasi ya kusafiria.

Mwaka ninaousema ni ule wa nyenze, wale wadudu wanaokaa ardhini miaka kumi na saba halafu wanatoka wote kwa pamoja. Mnaukumbuka? Miti ilipiga kelele kutwa nzima, maganda yao yakilia kama bisi chini ya viatu vyetu, mama zetu wakikataa kuanika hata taulo. Mwaka huo habari kubwa ilikuwa Deo, mpwa wa Mama Neema wa ghorofa ya tatu, aliyekuwa anatarajiwa kutoka Bukoba. Mama Neema alifanya kazi ya kutunza wazee usiku, na mchana alitupikia. Picha ya Deo ilikuwa imebandikwa kwenye friji yake, amepigwa studio, nyuma yake pazia lenye maporomoko ya maji. Kando yake amesimama dada yake mkubwa, na Deo, miaka kumi na miwili tu, anamzidi dada kichwa kizima.

"Deo wangu huyo," alisema Mama Neema akigeuza chapati, "akikimbia anaipita baiskeli ya padri. Tena kwenye mlima."

Mimi nikaitazama ile picha, nikayasoma mabega, nikaona kombe.

Shida ni kwamba jengo la Kimani ndilo lililoburuza mkia, kwa hiyo nafasi ya mbele ilikuwa yake. Nikamwendea. Tukajadiliana mpaka taa za maegesho zikawaka. Mwisho nikampa Papy, kipa wangu, Mkongo mpana ambaye toroli ikiwa nyuma yake huioni, nikaongeza na magongo mawili mazuri.

Papy aliumia. "Basi muko naniuzisha sawa mbuzi?" aliuliza. "Juu ya mutu wa picha?"

"Buda, umeuziwa hewa," Kimani akanicheka, keshamshika Papy mkono.

Jioni ile Mama Neema alikwangua kadi, akapiga Bukoba, akanipa simu. Nilipiga kelele mpaka mishipa ikanitoka: "Deo! Umechaguliwa wa kwanza! Wewe ni namba moja!" Upande wa pili kulikuwa na mwangwi, kisha sauti nyembamba ikasema, "Ndiyo, kaka." Kadi ikaisha.

Nilimtengenezea gongo. Nikalizungushia tepu nyeupe, nikaandika DEO kwa kalamu nene. Deo hakuja. Ubalozi ulimnyima viza. Kiangazi kilichofuata wakamnyima tena, kisha karatasi moja ikakosekana, kisha akavuka umri wa kuja kama mtoto. Timu yangu bila kipa ilikuwa inafungwa mpaka waliofunga wanachoka kuhesabu, na kila goli likiingia Kimani anauliza, "Namba moja wako amefika wapi? Bado yuko foleni?" Mimi nikajibu kila mara, "Atafika, na siku akifika utanitambua." Nilijibu hivyo kiangazi baada ya kiangazi, mpaka hakukuwa na mtu wa kumjibu, maana Kimani alikwenda chuo cha unesi, Papy akaanza kuendesha malori Ohio, na mimi nikaingia kazini. Lakini lile gongo sikulitupa. Mtu ninayeishi kwa kutupa vitu vya watu, gongo la plastiki nimehama nalo nyumba tano. Liko ukutani gerejini, juu ya magongo ya mwanangu.

Mwanangu, tuseme ukweli, magongo yake ni mepesi kama unyoya na ana mfuko wenye magurudumu wa kuyabebea. Anapelekwa na gari, anarudishwa na gari, njiani anacheza hoki nyingine kwenye simu. Siku moja nilimsimulia habari za toroli na nyenze. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, akitaka kujua kocha wetu alikuwa nani na fomu za wazazi zilisainiwa na nani.

Mwaka jana Mama Neema alistaafu. Bado anaishi pale pale ghorofa ya tatu. Akanipigia simu analia: Deo amepata viza ya kutembea. Nikampigia Kimani, Kimani akaomba ruhusa hospitalini. Nililitoa gongo ukutani, nikabeba na mawili ya mwanangu na mpira, nikawasha lori jipya, nikaenda Hyattsville, na bila hata kufikiri nikaegesha pale pale palipokuwa teksi ya baba.

Kimani alikuwa amekwenda uwanja wa ndege kumpokea Deo. Gari lake likasimama, mlango ukafunguka, akashuka mtu mwenye kitambi kidogo na miwani, afisa kilimo, mpole. Kimo chake kilinifikia begani. Na mimi si mrefu.

Kimani alishikilia mlango wa gari, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Alikuwa tayari amempigia Papy simu ya video, na sauti kutoka Ohio ikapasua maegesho: "Rashidi! Njo huyu uliniuzishia?"

"Deo," nikasema, "ile picha ya studio..."

Akavua miwani, akaifuta. "Kaka Rashidi, nilisimama juu ya kreti ya soda. Mpiga picha alisema watoto wanaokwenda Amerika wapigwe wakiwa wakubwa. Ncha ya pazia iliifunika."

Hapo bado nilikuwa nimesimama. Kilichoniketisha ni maneno yaliyofuata. "Ulipopiga ile simu, nilikwenda shuleni kesho yake nikawaambia nimechaguliwa Amerika. Kuchaguliwa kwa kitu gani sikujua, kadi iliisha. Tangu siku hiyo Bukoba nzima wananiita Namba Moja. Mke wangu ananiita hivyo. Ofisini pia. Kila mwezi wa sita nilikuwa namuuliza shangazi: nafasi yangu bado ipo?"

Nikakaa kwenye lami, na suruali yangu safi. Nilimpa gongo. Alisoma jina lake kwenye ile tepu iliyogeuka manjano, akapitisha kidole juu yake. Halafu tukacheza, wanaume watatu wenye magoti mabovu, Mama Neema akitushangilia dirishani na khanga yake, Papy akitukana kutoka kwenye simu tuliyoiegemeza ukutani. Deo alirusha mpira ukapita juu ya goli, ukapita juu ya pipa la taka. Ni mchezaji mbovu kuliko wote niliowahi kuwachagua.

Nilipotulia ndipo nikasikia ukimya. Jioni ya kiangazi, na hakuna mtoto hata mmoja pale nje. Kila nafasi ya gari ina namba, na mabango yanasema wenye vibali tu. Zamani mtu angetufokea dirishani, halafu mwingine akamfokea yeye, na sufuria zikilia ndani. Nilimtafuta baba dirishani, Mungu amrehemu, kana kwamba atachungulia. Nikageuka kumwonyesha Deo mahali teksi ilipokuwa inasimama.

Lori langu halikuwepo. Watu wa maegesho walikuwa wamelivuta kwa kukosa kibali, sisi tukishangilia.

"Bado ulipigwa kwa hiyo biashara, buda," alisema Kimani akinipeleka kulikomboa, Deo amekaa nyuma na gongo lake magotini. Sikubishana naye. Namba Moja wangu amenigharimu kipa mmoja, magongo mawili, na dola mia moja themanini na sita na senti hamsini.