Mama Makopo na Kanda ya Mwisho

Kazini walimwita Mama Makopo, na jina alijitakia mwenyewe. Siku ya kuwaeleza wakubwa jinsi atakavyoweka programu ya kuhifadhi sauti za zamani za redio kwenye seva ya Linux, aliona wanapiga miayo, akaamua kuwarahisishia. "Fikirieni makopo," alisema. "Kila programu inakuja kwenye kopo lake, na kila inachohitaji kimo humo humo. Unafungua, inafanya kazi. Ikileta jeuri unatupa kopo, unafungua jingine." Wakubwa wakafurahi, bajeti ikapita, na jina likamganda.

Alikuwa mwepesi wa vidole, mwepesi wa kucheka, na subira hana. Kopo likigoma hakulibembeleza. Amri moja ya kuyashusha yote, nyingine ya kuyapandisha upya, na chai yake ilikuwa bado ya moto mambo yakishakuwa shwari. Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya viti vibovu. Feni ya seva ilinguruma mchana kutwa, na kwenye kona aliketi Mzee Kanda na mashine yake ya kuchezea kanda, akiitazama seva kama mtu anayemtazama mkwe aliyeletewa bila kuulizwa.

Mzee huyu ndiye aliyekuwa fundi mitambo wa marehemu mama yake Mama Makopo, mtangazaji wa kipindi cha watoto. Watoto walimpenda mama yule kupita kiasi, lakini redio ilikuwa inabana matumizi, kanda zake zikarekodiwa vipindi vingine juu yake. Ikabaki moja tu, nayo hoi, inapukutika unga kila ikiguswa.

"Hii itazunguka mara moja, binti yangu," Mzee alisema. "Ikishapita hapa, ndiyo tumeagana nayo."

Binti hakuwa amesikia sauti ya mama yake tangu msiba. Aliamuru simu zizimwe, akafunga mlango, Mzee akabonyeza. Mkwaruzo kidogo, kisha huyo mama, mzima, mchangamfu, kama yuko chumba cha pili.

"Haya wanangu, nani amekula akashiba?"

Kikafuata kimya kifupi, nafasi ya watoto kujibu huko majumbani. Mama Makopo, mtu mzima na miwani yake puani, akajikuta amepaza sauti: "Mimi!"

"Sijasikia!"

"Mimiii!"

"Vizuri. Basi aliyeshiba akasaidie kuosha vyombo."

Alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, hata Mzee hakujua ni kipi kilianza. Kanda ikaisha, imebaki utepe mweupe na vumbi la kahawia mezani.

Kompyuta ya mezani iliyoinasa sauti ile ilikuwa imejaa pomoni, kwa hiyo akalihamisha faili zima kwenye mfumo mpya, la kwanza la kweli kuingia humo, bila kuacha nakala nyuma. Mfumo ukalikagua, ukalipa namba, ukaweka tiki ya kijani. Raha iliyoje!

Alasiri, kopo la kutafutia mafaili likagoma. Akafanya kama kawaida yake: shusha, pandisha. Mfumo ukaamka mweupe, hauna faili hata moja.

Kumbe kulishusha kopo ni kulitupa, na likitupwa linakwenda na vyote vilivyomo. Ukitaka visalie, sharti uandike mstari mmoja kwenye mipangilio, wa kuunganisha folda ya ndani na diski ya seva. Mstari aliuandika. Ila wakati wa majaribio aliuzima kwa kuuwekea mbele alama ya reli, ile #, ili mfumo uuruke, asije akajaza diski takataka, akajiambia atauwasha baadaye. Mafundi na hiyo baadaye yao!

Akaketi sakafuni. "Mzee, nimemtupa mama. Nimemtupa na kopo."

Mzee Kanda alijikuna shingo, akakohoa, akatoa simu mfukoni kwa haya.

"Usinigombeze. Ulisema zizimwe, mimi sikuzima. Nilitaka nami nikamsikilize nyumbani. Nimemkumbuka mno."

Akabonyeza. Feni inanguruma, kiti kinalia, na katikati ya fujo yote hiyo, mama: "Nani amekula akashiba?" Halafu sauti ya mtu mzima: "Mimi!"

Mama Makopo akafuta machozi, na ufundi ukamrudia. "Lakini si safi, baba. Mimi nimeingilia."

"Hukuingilia," Mzee alisema. "Mimi nilikuwa namwona kwenye kioo cha studio. Akishauliza, ananyamaza, mkono sikioni, anasubiri. Studio tupu, anatabasamu peke yake. Siku moja nikamuuliza, dada, unamsikiliza nani? Akasema, 'Namsikiliza wangu, yuko nyumbani anajibu.' Leo na mimi nimesikia jibu."

Mama Makopo aliinuka. Akafungua mipangilio, akaifuta ile alama ya reli. Akaliingiza faili la simu, safari hii akaacha nakala kwenye simu, kwenye kompyuta aliyoipunguzia mizigo na kwenye diski ya pembeni. Kisha akashusha makopo yote kwa makusudi, akayapandisha.

Faili lilikuwepo. Mfumo ukauliza wanaosikika ni akina nani. Akaandika jina la mama yake, akaweka mkato, akaandika lake.