Mtani Wangu na Farasi wa Mama

Kijijini kwetu Mahege, farasi tulikuwa tunamjua kwenye picha tu. Kwa hiyo siku yule mama mzungu mwenye shamba la mikorosho alipomshusha farasi jike kwenye lori, kijiji kizima kilihamia uani kwake. Kazi ya kumtunza nikapata mimi. Sio kwa elimu, maana darasa la saba lenyewe nimelimaliza kwa huruma za mwalimu. Wenzangu walimwogopa. Mimi nikasogea nikamwambia, "Shikamoo dada," akanivua kofia kwa meno. Mama akacheka, kazi ikawa yangu.

Alikuwa na miaka mitano, bado ana utoto, na huko alikotoka walishamfundisha kucheza. Kucheza kweli, sio kukimbia. Anakwenda ubavuubavu kama kaa, ananyanyua miguu polepole kama bibi harusi anaingia ukumbini. Mama akiwa juu, anamgusa na goti kidogo tu, huyo kageuka. Michezo mingine alijifundisha mwenyewe. Kufungua bomba la maji kwa midomo. Kujificha nyuma ya banda nikimwita, kichwa kaficha, matako yote nje.

Halafu mama akaugua mgongo, akaambiwa arudi kwao akatibiwe. Farasi hawezi kwenda naye, akaanza kumtafutia pa kukaa. Hela hakutaka. Alitaka mtu mpole, basi.

"Mama, niachie mimi," nikamwambia.

Akacheka mpaka akashika mgongo. "Wewe utamlaza wapi? Kitandani?"

Sikuwa natania. Lakini nalala chumba kimoja na kaka zangu wawili.

Nikamtafuta mtani wangu. Makabila yetu yanataniana toka enzi za mababu, tukikutana lazima tutukanane, na kukasirika ni mwiko. Huyu bwana anafuga punda, na punda wake wamenona kuliko mwenyekiti wa kijiji. Fimbo hajui hata inashikwaje. Akaja kavaa kanzu ya Ijumaa. Akamshika farasi kwato moja moja, akamtazama macho, akaniuliza mbung'o wanamsumbua saa ngapi. Farasi akamlaza kichwa begani. Nikasema moyoni, hapa tumemaliza.

Sasa mtani akaniona natabasamu. Angeachaje?

"We mbwa, huyu farasi mbona mwembamba hivi? Unamlia pumba zake?"

"Nakula mimi ili nisifanane na wewe."

"Sawa. Nampeleka nikamnenepeshe. Ukifa tu, namchinja, arobaini yako watu wale pilau ya farasi!"

Mimi nikaangua kicheko. Mama alikuwa kibarazani, na Kiswahili chake cha kitabuni, kila neno analipokea lilivyo. Akasimama, mwekundu kama tungule.

"Aondoke."

"Mama, huyu mtani wangu. Ndiyo desturi yetu. Asingenipenda asingesema hivyo."

"Wewe kila kitu utani."

"Mama, hapa sitanii. Wallahi vile."

"Aondoke, nimesema!"

Mtani akavua kofia, akaomba radhi kwa adabu zote. Mama kashaingia ndani.

Wiki ile ile akaja mwanaume kutoka Dar, shati kachomekea, anaongea taratibu kama anasoma taarifa ya habari. Anawapenda sana wanyama, anasema. Ana uwanja mkubwa, anasema. Farasi akanyoosha shingo amnyang'anye kofia, jamaa akaruka nyuma, akajifuta mkono kwenye suruali. Hata anakula nini hakuuliza. Nikamvuta mama pembeni nikamwambia huyu hafai. Akanijibu, "Angalau huyu ana heshima." Lori lilipoondoka kwenda kushika lami pale Kibiti, farasi alikuwa anafungua komeo la nyuma kwa midomo. Jamaa akalifunga kwa waya.

Mama naye akaondoka. Jamaa nikimpigia hapokei.

Juzi rafiki yangu wa bodaboda akanitumia video. Ukumbi wa harusi, Dar. Farasi wangu kavishwa maua ya plastiki, spika inamngurumia sikioni, na yeye ananyanyua miguu vile vile alivyofundishwa. Watu wanashangilia. Mbavu unaweza kuzihesabu. Kuna mtu kamwekea soda puani, hakuifuata hata kwa macho.

Nikampelekea mtani aone. Akaangalia mpaka mwisho, akanirudishia simu. Nikangoja tusi, halikuja.

"Njoo," akasema.

Nyuma ya zizi la punda kuna banda sijawahi kuliona. Makuti mapya, mlango mrefu wa kupita ngamia, madirishani kagongelea chandarua kuzuia mbung'o. Ndani kajaza magunia ya pumba.

"Hili umejenga lini?"

"Kabla sijaja kumwangalia."

Tukasimama pale. Punda mmoja akaingia, akaanza kutafuna gunia, wala hakumfukuza.

"Ungemwambia vizuri yule mama," akasema.

Nilimwambia. Jamani, nilimwambia.